Ripoti kubwa kwenye spuli: uikate kwa SEGMENT, kwa programu yenyewe, au kwa DFSORT?

Mwisho wa kila mwezi biro yetu hapa Lubumbashi hutoa ripoti moja ya mishahara inayokaribia kurasa 10,000. Meinfremu yenyewe, ile kompyuta kubwa inayoitengeneza, haiko hapa. Tunaingia ndani yake kwa mtandao, tunatuma jobu (kazi ya kuendeshwa na mashine), na ripoti inalala kwenye spuli, nafasi ya diski ya kungojea kuchapwa, hadi printa zetu mbili zianze kuivuta. Kwa mashine, ripoti hiyo ni kitu kimoja. Kwa watu wanaoingoja ni vitu vingi: mhasibu wa Likasi anataka kurasa zake, wa Kipushi zake, wa Kolwezi zake, na shoferi wa pikapu anataka kartoni zifungwe mapema kwa sababu Kolwezi ni safari ya kilomita 300 hivi.

Kwa hiyo tunakata. Nimeshakata kwa njia karibu zote zinazopatikana kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM, na kila kijana mpya anayefika kwenye meza yetu huniuliza lile lile, akiniita yaya kama mkubwa wake: "Yaya, njia gani ni nzuri?" Mimi humrudishia swali: mdogo wangu, unakata kwa sababu ya saa, au kwa sababu ya mtu? Anayekata kwa sababu ya saa anataka karatasi zianze kutoka mapema, kipande chochote kitangulie. Anayekata kwa sababu ya mtu anataka kila fungu lifike kwenye mkono wa mwenyewe, hata likichelewa. Njia zilizopo zimegawanyika hivyo hivyo, na matatizo mengi niliyoyaona yalitoka kwa mtu aliyechukua njia ya saa akaifanyia kazi ya mtu.

## Je, kuna haja ya kukata?

Wapo wanaokata kwa hofu tu. Umeme ulikatika printa ikiwa ukurasa wa 7,000, wakalazimika kuanza tena ukurasa wa 1, na tangu siku hiyo wanataka kila kitu kiwe vipande vidogo. Hofu hiyo ina dawa yake, na dawa yenyewe haikati chochote. Ni mstari wa OUTPUT kwenye JCL, maagizo yanayoiambia mashine jinsi ya kuendesha jobu:

```
//MSHAHARA OUTPUT CKPTPAGE=100
//RIPOTI   DD SYSOUT=A,OUTPUT=*.MSHAHARA
```

Hapo JES2, sehemu ya z/OS inayosimamia jobu na spuli, inaweka alama ya kumbukumbu kila baada ya kurasa 100, na uchapaji ukisimama ghafla unaendelea kutoka kwenye alama ya mwisho. Karatasi zikichanika au wino ukififia bila mtu kuona, opereta anarudisha printa nyuma kwa `$B PRT1,20`, yaani kurasa 20 zirudiwe. Akitaka kuruka mbele anatumia `$F` kwa mtindo uleule. Kama shida yako ni printa kusimama katikati, na ripoti nzima inaenda kwa mtu mmoja, ishia hapa. Kila kipande unachoongeza ni kitu cha kuhesabu, kufunga na kutafuta kikipotea.

Pia usichanganye kukata na kuweka kikomo. `LINES=(700,CANCEL)` kwenye kadi ya JOB haigawi ripoti. Inasema tu kwamba jobu ikipita mistari 700,000 iuawe, maana namba hiyo huhesabiwa kwa maelfu, na utaona kifo cha S722. Ni ulinzi mzuri dhidi ya programu iliyoingia kwenye mzunguko usio na mwisho. Nimeona mtu ameiweka akitumaini ripoti itakatwa vipande vya ukubwa huo. Alipata kipande kimoja, jobu ikafa, na siku ya mshahara ikasogea.

## SEGMENT: mkasi wa saa

Njia ya haraka kuliko zote ni neno moja kwenye DD, mstari wa JCL unaotaja faili ya kusoma au kuandika:

```
//RIPOTI   DD SYSOUT=A,SEGMENT=500
```

Huhitaji kugusa programu wala kuongeza hatua nyingine kwenye jobu. JES2 inahesabu kurasa, na zikitimia 500 inafunga kipande, inakiachia printa, na kuanza kingine huku jobu ikiendelea kuandika. Bila neno hilo, ripoti ya kawaida kwenye spuli hungoja jobu iishe ndipo ichapwe.

Faida yake inapimika. Tuseme jobu inachukua saa 2 kuzalisha kurasa 10,000 kwa mwendo sawa, na printa yako inatoa kurasa 60 kwa dakika. Kuchapa peke yake kunahitaji karibu dakika 167. Bila kukata, unangoja dakika 120 ndipo uchapaji uanze, na kartoni ya mwisho inafungwa dakika ya 287, karibu saa 4 na dakika 47 tangu jobu ianze. Kwa SEGMENT=500, kipande cha kwanza kiko tayari dakika ya 6, printa haipumziki tena, na kazi inaisha karibu dakika ya 173. Ukiwa na printa mbili zinazovuta kutoka foleni hiyohiyo, printa zinaisubiri jobu badala ya jobu kuzisubiri, na kazi yote inaisha dakika 8 hivi baada ya jobu yenyewe. Kwa shoferi wa Kolwezi, hizo ni saa mbili na zaidi za mwanga wa mchana barabarani.

Watu wakiona hivyo hutamani kukata vidogo zaidi. Fanya hesabu kwanza. Kwa SEGMENT=100 kipande cha kwanza kinatoka dakika moja na sekunde kadhaa baada ya jobu kuanza. Kwa printa moja umeokoa dakika 5 tu ukilinganisha na kipande cha kurasa 500, na badala ya vipande 20 sasa una vipande 100 vya kusimamia. Zaidi ya hapo, idadi ya vipande ina kikomo ambacho msimamizi wa JES2 anakiweka kwenye mpangilio wa OUTDEF, sehemu ya SEGLIM. Muulize kabla, usije ukakigundua usiku wa tarehe 30.

Faida ya pili ni ya spuli yenyewe. Kipande kilichokwisha kuchapwa kinaondoka na kuachia nafasi huku jobu bado inaandika. Kama umewahi kukaa mbele ya konsoli ukauona ujumbe wa $HASP050 kwamba TGS, yaani mafungu ya nafasi ya spuli, zimefika asilimia 80, unajua uzito wa jambo hili. Spuli ni ya wote. Ikijaa, haikwami ripoti yako peke yake, kila jobu kwenye mfumo inakwama.

Sasa hasara, na hapa nataka nikae kidogo.

SEGMENT inahesabu kurasa na haisomi kilichoandikwa ndani yake. Haijui mfanyakazi ni nani wala mji unaishia wapi. Kuna mwezi tulituma vipande vya kurasa 500 kwenye printa mbili, tukavipanga kwenye meza ndefu, tukaanza kutenganisha kwa mkono. Mama mmoja wa uhasibu alikuwa anapitia kila fungu, kidole juu ya namba ya mfanyakazi, akifunua moja moja. Akafika juu ya fungu la saba akasimama. Akaniita: "Yaya, hii karatasi haina mwenyewe." Ulikuwa ukurasa wa pili wa mtu mwenye makato mengi, mikopo na posho za watoto, ambaye hesabu yake haikutosha kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa mwisho kwenye fungu la sita. Fungu la sita lilikuwa tayari limefungwa na liko njiani kwenda Likasi. Mtu yule alipokea karatasi inayoonyesha mshahara wake wote na hakuna kato hata moja, na jumla halisi ikabaki mezani kwetu. Ilichukua siku tatu na simu nyingi kumwelewesha kwamba hakuibiwa.

Hasara nyingine inatokana na ile faida ya printa mbili. Vipande viko huru, printa yoyote yenye darasa na fomu zinazolingana inaweza kuchukua kimoja, na kipande cha 8 kinaweza kumalizika kabla ya cha 7. Kama mpangilio ni muhimu, elekeza vyote kwenye printa moja kwa DEST, au hakikisha namba ya ukurasa inayochapwa na programu inaendelea mfululizo toka mwanzo hadi mwisho, ili anayepanga aweze kupanga kwa macho.

Ile ninayoiogopa zaidi ni hii: kilichochapwa mapema hakirudi. Jobu ikifa baada ya saa moja na nusu kwa sababu ya rekodi mbovu, tayari una maelfu ya kurasa mkononi. Utarekebisha, utaendesha upya, na zote zitatoka tena, safari hii pengine na namba tofauti. Kwa orodha ya bidhaa za ghalani, hasara ni karatasi. Kwa mishahara, kuna watu wawili mjini wenye karatasi mbili za mwezi mmoja zisizolingana. Ndiyo maana siku hizi SEGMENT naiweka kwenye ripoti za ndani tu, zile ndefu za ukaguzi zinazosomwa na ofisi moja, ambako kurasa hufuatana na hakuna anayedai ukurasa fulani ni wake.

Mambo mawili ya haraka kabla ya kuendelea. Kwanza, SEGMENT ni ya JES2 pekee. Kwenye JES3, mwenzake wa kazi ileile, haina kazi, ingawa hilo linazidi kupoteza uzito kwa kuwa z/OS 2.5 ndiyo toleo la mwisho ambalo IBM ililitoa likiwa na JES3. Pili, kurasa zinazohesabiwa ni zile za mistari ya kawaida, si kurasa zilizokwisha kuumbwa kama picha kamili za AFP, muundo wa kuchapa wa IBM.

## Kuiachia programu ikate

Programu iliyoandika ripoti ndiyo inayojua kila kitu: mji umebadilika lini, mfanyakazi ameisha wapi, jumla ndogo imefungwa wapi. Kwa hiyo mahali pa haki pa kukata ni ndani yake. Inapoona mji mpya, inafunga faili ya mji uliopita na kufungua nyingine.

Namna ya kizamani ni kuweka DD moja kwa kila mji. Miji sita, DD sita, na kila moja iwe na FREE=CLOSE:

```
//LIKASI   DD SYSOUT=A,FREE=CLOSE
//KOLWEZI  DD SYSOUT=A,FREE=CLOSE
```

FREE=CLOSE inamaanisha kwamba programu ikifunga faili, kipande hicho kinaachiwa printa papo hapo, jobu ikiwa bado inaendelea. Kwa hiyo umepata vyote viwili: saa na mtu. Ila kumbuka DD hiyo imeshaachiwa, na programu haiwezi kuifungua tena ndani ya hatua hiyohiyo. Data lazima iwe imepangwa kwa mji kabla. Ikija Likasi, kisha Kipushi, kisha Likasi tena, programu itagonga mwamba.

Udhaifu wa njia hii unaonekana siku miji inapobadilika. Sisi tuliuonja. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa ikawa mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Mafungu yaliyokuwa yanaenda mahali pamoja yakahitaji kwenda mahali tofauti, kwa muhtasari tofauti. Kila fungu jipya lilikuwa SELECT mpya na FD mpya (maelezo ya faili) kwenye COBOL, lugha ya programu yetu, kukompaili upya, kujaribu upya, na DD mpya kwenye JCL. Kazi ya siku mbili kwa badiliko la neno moja.

Namna iliyo bora ni kuacha programu iombe faili yake yenyewe wakati wa kukimbia. BPXWDYN, huduma ya z/OS ya kuomba faili, inaitwa kutoka COBOL au REXX (lugha ya skripti) kwa maneno ya kawaida, kitu kama `alloc fi(kipande) sysout(a) reuse`, bila kujenga kwa mkono vitalu vya SVC 99, ombi la ngazi ya chini la kazi hiyo. Programu inasoma jedwali la miji, inaomba, inaandika, inafunga, inaachia, inaomba tena. Mji mpya unakuwa mstari mmoja kwenye jedwali. Ningekuwa naandika ripoti mpya leo, ningeiandika hivi bila kufikiri mara mbili.

Lakini nani anaandika ripoti mpya? Nyingi tulizonazo ni za zamani, walioziandika wamestaafu, na wakati mwingine chanzo cha programu hakilingani tena na kile kinachokimbia. Kugusa programu ya mishahara inayofanya kazi, wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, kunahitaji moyo. Ukikosa ruhusa au chanzo, nenda njia inayofuata.

## DFSORT: kukata bila kugusa programu

Hii ndiyo ninayoitumia zaidi. DFSORT ni programu ya IBM ya kupanga na kunakili rekodi. Badala ya kupeleka ripoti kwenye spuli moja kwa moja, elekeza DD ya ripoti kwenye faili ya diski, RECFM=FBA na LRECL=133, yaani safu 132 za maandishi na safu moja ya mbele inayoamuru printa. Kisha hatua ya pili ya jobu inaisoma faili hiyo mara moja na kuigawa.

Amri ya OUTFIL ya DFSORT ina mikasi kadhaa na majina yake yanafanana, kwa hiyo angalia vizuri. SPLIT inagawa rekodi kama karata, moja huku, moja kule. SPLITBY=n inagawa n kwa zamu, na ikifika mwisho wa faili za kutolea inarudi ya kwanza. Kwa ripoti ya kuchapwa zote mbili ni hatari, maana zitakupa kurasa zilizochanganyika. SPLIT1R=n inazunguka mara moja tu, kwa hiyo kila faili inapata mistari inayofuatana na ya mwisho inachukua mabaki. Hiyo ni salama zaidi, lakini bado inahesabu mistari na itakata katikati ya ukurasa.

Tunachotaka ni kukata kwa maana. Hapo kuna kitu kizuri kilichoongezwa kwenye DFSORT mwaka 2008, WHEN=GROUP. Ugumu wa ripoti ya kuchapwa ni kwamba jina la mji huandikwa mara moja tu, juu ya ukurasa, na mistari 50 ya chini haitaji mji wowote. WHEN=GROUP inachukua alama ya mji kutoka mstari wa kwanza wa ukurasa na kuibandika kwenye kila mstari wa ukurasa huo. Tuseme alama ya mji ya herufi tatu imekaa safu ya 20 ya mstari wa kwanza:

```
  OPTION COPY
  INREC IFTHEN=(WHEN=GROUP,BEGIN=(1,1,CH,EQ,C'1'),
        PUSH=(134:20,3))
  OUTFIL FNAMES=LIKASI,INCLUDE=(134,3,CH,EQ,C'LIK'),
        BUILD=(1,133)
  OUTFIL FNAMES=KOLWEZI,INCLUDE=(134,3,CH,EQ,C'KOL'),
        BUILD=(1,133)
  OUTFIL FNAMES=MABAKI,SAVE,BUILD=(1,133)
```

Isome polepole. Namba 1 kwenye safu ya kwanza ni amri ya kufungua ukurasa mpya, kwa hiyo kila BEGIN ni mwanzo wa ukurasa. PUSH inabandika herufi tatu kwenye safu ya 134, nje ya maandishi. INCLUDE inachagua kwa herufi hizo. BUILD inazinyofoa kabla ya kuandika, hivyo kinachofika kwenye printa ni kilekile ilichoandika programu. Na MABAKI yenye SAVE inakusanya kila mstari ambao hakuna aliyeuchukua. Usiiache hiyo ya mwisho. Mji mpya ukiingia bila wewe kuambiwa, kurasa zake zitatua kwenye MABAKI na utaziona. Bila hiyo zingepotea kimya. Mimi huifungua MABAKI kabla ya kitu chochote kingine, na ikiwa na hata mstari mmoja hakuna kartoni inayofungwa.

Kuna mitego mitatu niliyoiona kwa macho yangu. Wa kwanza: alama ya mji haiko mstari wa kwanza wa ukurasa, iko wa tatu. Mtu anaona haraka kwamba suluhisho ni kuanzisha kundi kwenye mstari wa tatu. Akifanya hivyo, mistari miwili ya juu ya kila ukurasa inabaki kwenye kundi lililotangulia, na mwanzo wa kila mji unakosa kichwa chake, ambacho kimeenda chini ya mji mwingine. Dawa ni kumwomba mwenye programu asogeze herufi tatu tu hadi mstari wa kwanza. Hilo ni badiliko dogo, na mara nyingi hata ripoti za zamani zina nafasi tupu pale. Wa pili: ukurasa wa pili wa mfanyakazi mmoja hauna kichwa kamili, kwa hiyo PUSH inabandika nafasi tupu na ukurasa unaanguka kwenye MABAKI. Angalau hapo unaonekana. Yule mtu wetu wa Likasi angepona kwa njia hii. Wa tatu: faili si FBA bali FBM, na safu ya kwanza haina namba 1 bali amri za mashine kama X'8B' au X'89'. Hii ya X'89' inaandika kwanza ndipo inaruka, kwa hiyo ukurasa mpya unaanza kwenye rekodi inayofuata. Ukikuta FBM, usinakili mfano wa juu ulivyo.

Gharama ya njia hii ni saa. Hakuna kinachochapwa hadi ripoti yote iandikwe kwenye diski na DFSORT ipite, ingawa kupita kwenyewe ni kwa haraka. Unahitaji pia diski ya kutosha, la sivyo utakutana na B37, kosa la nafasi ya diski kuisha. Lakini gharama hiyo ina zawadi ndani yake: jobu ikifa, hakuna karatasi hata moja iliyotoka. Na faili ya diski inabaki. Kolwezi wakipiga simu kwamba kartoni imelowa mvua njiani, unachapa ya Kolwezi peke yake bila kuendesha mishahara upya.

## Njia za mkono, na ile ya hifadhi

Ripoti ikiwa imeshakaa kwenye spuli, nzima, na mtu anataka kurasa chache sasa hivi, SDSF, skrini ya kutazama spuli, inatosha. XDC mbele ya dataseti (faili) inainakili kwenye diski, na kutoka hapo DFSORT inaendelea. Au ukiwa ndani unaisoma, `PRINT ODSN` inafungua faili, `PRINT 1 5000` inatuma mistari hiyo, `PRINT CLOSE` inafunga. Hizo ni mistari, si kurasa, kwa hiyo tazama kwanza ukurasa unaanza na kuisha wapi. Ni njia ya dharura. Ukijikuta unaifanya kila mwezi, iandikie REXX. SDSF inakubali REXX tangu z/OS 1.9, na kitendo cha SA kinakupa dataseti za spuli uzisome kwa EXECIO kama faili nyingine yoyote.

ACIF ni ya watu wanaotaka kuacha karatasi polepole. Inasoma ripoti, inatambua kwa vichochezi unavyompa mahali kila mfanyakazi anapoanza, inaunda makundi ya kurasa na faharasa yake, na mfumo wa hifadhi unampa kila mtu kurasa zake kwenye skrini. Haifai kuianzisha kwa sababu ya ripoti moja. Kama kampuni tayari inayo, basi kukata kwako kumekwisha kufanyika na unachohitaji ni ruhusa tu.

## Ningechagua nini

Ripoti ndefu, msomaji mmoja, saa inabana, na kosa likitokea hasara ni karatasi tu: SEGMENT, na kipande kisiwe kidogo kuliko kile ambacho printa inakimaliza kwa dakika kadhaa.

Ripoti ya watu wengi, programu ya zamani ambayo hakuna anayetaka kuigusa: diski kwanza, DFSORT na WHEN=GROUP, na MABAKI daima. Hapa ndipo biro yetu ilipo sasa.

Ripoti mpya, au ya zamani ambayo unaye mwandishi wake na muda wa kujaribu: programu ikate yenyewe kwa BPXWDYN. Hapo unapata ukataji wa maana na uchapaji wa mapema kwa pamoja. Ila kwa mishahara, hata hapo ningeweka vipande kwenye darasa la kushikiliwa, niviachie kwa mkono baada ya jobu kumalizika salama na jumla kukubaliana.

Watu wameniuliza kama inawezekana kuchanganya, SEGMENT juu ya vipande vya DFSORT. Inawezekana. Kolwezi peke yake ikiwa na kurasa 4,000, weka SEGMENT=500 kwenye DD ya KOLWEZI, na printa mbili zitaigawana mara moja. Vipande vyote vinane vinakwenda kwenye gari moja, kwa hiyo hata vikitoka bila mpangilio haviwezi kufika mji usio wao. Kilichobaki ni kuvipanga kwa namba ya ukurasa kabla ya kufunga kartoni, na mama yule wa uhasibu bado anapenda kufanya hivyo mwenyewe, kidole juu ya namba, ukurasa mmoja baada ya mwingine.